Pingili Ipi? Lugha, Hesabu na Mashine katika Kutambua Mifupa ya Uti wa Mgongo kwenye Picha za Eksirei

1.0 Utangulizi

Mtu anapoanguka kutoka juu ya mnazi, au anapotupwa barabarani na bodaboda, jambo la kwanza ambalo daktari hulitafuta katika picha ya eksirei ni kama kuna mfupa uliovunjika. Jambo la pili, ambalo huamua mengi zaidi, ni mfupa upi. Uti wa mgongo ni safu ya mifupa inayofanana kama ndugu wa tumbo moja, na mpasuaji anayeelezwa kwamba mmoja kati yake umepondeka hawezi kufanya lolote mpaka aelezwe jina lake. Akipewa jina lisilo lake, atapasua mahali pazima na kuuacha mfupa mgonjwa ulivyo. Kosa la namna hiyo linafahamika vyema katika fani ya upasuaji wa mgongo, na ndiyo maana wapasuaji hupiga picha nyingine ndani ya chumba cha upasuaji ili kuhakiki hesabu kabla ya kuugusa mfupa wenyewe.

Tangu miaka ya 2010, kazi ya kutafuta mifupa hiyo katika picha imeanza kukabidhiwa programu za kompyuta zinazofunzwa kwa njia iitwayo ujifunzaji wa kina. Njia hiyo ni tawi la akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia au akili unde. Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, mahali zinapofaulu na mahali zinapokwama, na kisha kuonesha kwamba ugumu unaozikabili si wa kompyuta peke yake bali pia ni wa lugha. Hoja inayotetewa ni kwamba kuuona mfupa na kuutaja jina ni mambo mawili tofauti. Kwamba mashine hutaja kwa lugha ya wale walioifunza. Na kwamba Kiswahili hakina budi kuuweka sawa msamiati wake wa uti wa mgongo kabla taarifa za mashine hizo hazijaanza kumfikia mgonjwa kwa lugha hiyo.

2.0 Uti, Pingili na Hesabu Yake

Neno uti limejengwa juu ya shina lile lile lililomo katika neno mti, nalo hubeba dhana ya kitu kirefu kilichosimama na kushikilia vingine. Dhana hiyo imezoeleka kiasi kwamba husemwa kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi, na hakuna msikilizaji anayehitaji kufafanuliwa. Pingili, kwa upande wake, ni kipande cha muwa au mwanzi kilicho kati ya fundo moja na jingine. Waliolichukua neno hilo na kulitumia kwa mfupa mmoja wa uti wa mgongo walifanya uteuzi wa busara. Pingili za muwa zimepangana, zinafanana, lakini hutofautiana kidogo kidogo kwa urefu na unene kuanzia shinani hadi kileleni. Mlaji wa muwa hujua kwamba pingili za shinani zina utamu kuliko za kileleni. Hata hivyo, akikatiwa pingili moja ya katikati na kuulizwa ilikuwa ya ngapi, hawezi kujibu bila kuuona muwa wote. Mfano huo mdogo ndio utakaorejewa katika sehemu kubwa ya mhadhara huu.

Katika mwili wa binadamu, kwa kawaida, kuna pingili 7 za shingo, 12 za kifua ambazo hushikana na mbavu, na 5 za kiuno. Chini yake kuna pingili 5 zilizoungana na kuwa mfupa mmoja uitwao sakramu, na mwishoni kuna vipande vidogo, aghalabu vinne, vinavyofanya kifandugu. Jumla yake ni 33, na kati yake 24 za juu hubaki zimeachana katika maisha yote. Hesabu ya shingo ni thabiti mno: karibu mamalia wote wana pingili 7 za shingo, akiwamo twiga, ambaye urefu wa shingo yake unatokana na urefu wa kila pingili wala si wingi wa pingili. Hesabu ya kifua na kiuno si thabiti kiasi hicho, kama itakavyoonekana mbele.

Madaktari huzihesabu pingili kutoka juu kwenda chini, kila eneo likianza upya na namba moja. Katika kumbukumbu za hospitali, eneo la kiuno hupewa herufi L, hivyo pingili ya nne ya kiuno huandikwa L4. Umuhimu wa hesabu hii unaonekana wazi inapokumbukwa kwamba ndani ya safu ya pingili mna ugwe mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo hubaki nyuzi za neva tu. Kwa sababu hiyo, daktari anayetaka kutoa maji ya uti wa mgongo kwa uchunguzi huchoma sindano chini ya hapo, katika kiuno. Hupapasa kwanza ncha za juu za mifupa ya nyonga, kwa kuwa mstari unaoziunganisha hupita karibu na pingili ya nne. Hata mikono ya tabibu, basi, haianzi kuhesabu hewani. Huanzia kwenye alama inayojulikana.

3.0 Picha ya Eksirei na Ugumu Wake

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Wilhelm Conrad Röntgen mjini Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amekwisha kuupiga picha mkono wa mkewe, na mwaka 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Kimsingi, picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi hupita mwilini. Mifupa huizuia zaidi kuliko nyama, na mapafu yaliyojaa hewa huizuia kidogo sana. Kile kinachozuia zaidi huonekana cheupe zaidi.

Udhaifu wa kivuli ni kwamba hukusanya kila kitu mahali pamoja. Picha ya shingo iliyopigwa kutoka ubavuni mara nyingi huionesha vyema pingili ya pili hadi ya sita, lakini ya saba hufichwa na mabega. Katika picha ya kifua, pingili hufunikwa na moyo, mbavu na mifupa ya mabega. Gesi iliyomo tumboni huweza kuchora kingo za uongo juu ya kiuno. Mashine za siti-skani, ambazo huupiga mwili picha vipande vipande, huondoa sehemu kubwa ya matatizo hayo. Lakini ni ghali, na mionzi yake ni mingi zaidi. Kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, hasa walio mbali na miji mikubwa, eksirei ndiyo picha ya kwanza, na pengine ndiyo ya mwisho. Hivyo basi, programu inayoweza kuisoma picha hiyo duni ina manufaa makubwa zaidi kwao kuliko ile inayohitaji picha bora.

4.0 Jinsi Mashine Inavyofunzwa

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba. Kila nukta ya picha, iitwayo pikseli, ina namba inayoonesha kiwango cha mwanga mahali hapo, na picha moja ya eksirei ya kidijitali huweza kuwa na mamilioni ya namba hizo. Katika mbinu za awali, mtaalamu aliiandikia kompyuta kanuni za kufuata: itafute kingo zilizonyooka, izikusanye ziwe umbo la mstatili, ipime nafasi kati ya umbo moja na jingine. Kanuni hizo zilishindwa kila mgonjwa alipokuwa mnene, mzee, au mwenye mgongo uliopinda.

Ujifunzaji wa kina huugeuza utaratibu huo. Kompyuta haipewi kanuni, bali hupewa picha nyingi ambazo wataalamu wamekwisha kuzitia alama kwa mikono yao, kila pingili mahali pake na kwa jina lake. Programu hukisia; kisio lake hulinganishwa na alama ya mtaalamu; na kiasi cha kosa hutumika kurekebisha namba za ndani ya programu ili kisio lijalo likaribie ukweli zaidi. Zoezi hilo hurudiwa maelfu ya mara. Programu yenyewe imepangwa katika tabaka. Katika tabaka za mwanzo, vichujio vidogo hupitishwa juu ya picha yote na kutambua mambo mepesi kama kingo na pembe. Tabaka zinazofuata huunganisha kingo na pembe hizo kuwa maumbo, na za ndani zaidi hutambua umbo zima la pingili. Neno kina katika istilahi hii, kwa hiyo, linarejelea wingi wa tabaka. Halina maana kwamba mashine inatafakari kwa kina.

Misingi ya mbinu hii si mipya. Kunihiko Fukushima wa Japani aliichapisha programu yake ya tabaka, iliyoitwa Neocognitron, mwaka 1980. Mwaka 1989 Yann LeCun na wenzake nchini Marekani walionesha kwamba programu ya aina hiyo inaweza kufunzwa kusoma tarakimu za anwani za posta zilizoandikwa kwa mkono. Kilichokosekana wakati huo kilikuwa kompyuta zenye nguvu na picha za kutosha. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto walishinda shindano la kutambua vitu pichani lililoitwa ImageNet kwa kiwango cha makosa cha asilimia 15.3, ilhali aliyewafuata alikuwa na asilimia 26.2. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2015, Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Chuo Kikuu cha Freiburg walitoa programu iitwayo U-Net, iliyobuniwa mahususi kwa picha za tiba ambazo kwa kawaida huwa chache. Kazi nyingi za kutafuta pingili zilizofuata zimejengwa juu ya msingi huo.

Katika kutafuta pingili, programu hizo hutoa majibu ya namna tatu. Baadhi huchora kisanduku kuizunguka kila pingili. Nyingine hutoa kile kinachoitwa ramani ya joto, yaani picha yenye giza inayong'aa pale tu ambapo programu inaamini pana kitovu cha pingili. Nyingine tena huonesha pembe nne za kila pingili. Mfano maarufu wa namna hii ya tatu ni mkusanyiko wa picha 609 za eksirei za migongo iliyopinda uliotumika katika shindano la kimataifa la mwaka 2019. Katika kila picha ziliwekwa alama pingili 17, yaani 12 za kifua na 5 za kiuno, kila moja ikiwa na pembe 4, hivyo kufanya nukta 68. Kutokana na nukta hizo, kompyuta hukokotoa pembe ya kupinda kwa mgongo kwa njia iliyowekwa na daktari wa Marekani, John Robert Cobb, mwaka 1948. Mgongo uliopinda upande kwa digrii 10 au zaidi kwa njia hiyo huhesabiwa kuwa na kasoro. Kazi ambayo daktari huifanya kwa rula na kipimapembe, programu huimaliza kwa kufumba na kufumbua.

5.0 Kuona si Kutaja

Hadi hapo mashine inastahili sifa. Ugumu unaanza pale inapotakiwa kutaja. Pingili ya tatu ya kiuno na ya nne zinafanana mno kiasi kwamba ikikatwa picha ndogo yenye pingili moja tu, hata daktari bingwa wa radiolojia hawezi kuapa kwamba ni ipi. Anachofanya daktari ni kutafuta mahali pa kuanzia. Akianza juu, huitafuta pingili ya pili ya shingo, ambayo ina jino linalosimama na halifanani na kitu kingine. Akianza chini, huitafuta sakramu. Akiwa katikati, hutafuta ubavu wa mwisho. Kutoka hapo huhesabu. Jina la pingili, basi, halimo ndani ya pingili. Limo katika uhusiano wake na jirani zake, kama vile pingili ya muwa isivyojulikana ni ya ngapi mpaka muwa wote uonekane.

Watafiti walilitambua jambo hili. Christian Payer na wenzake wa mjini Graz, Austria, walibuni mtandao wenye sehemu mbili: moja hupendekeza mahali panapofanana na pingili, na nyingine huzingatia mpangilio wa pingili zote kwa jumla. Majibu ya sehemu hizo mbili huzidishwa, hivyo mahali hapakubaliki mpaka sehemu zote mbili zikubaliane. Mwaka 2019 mbinu hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la kimataifa la kutambua pingili katika picha za siti-skani lililoitwa VerSe, lililoongozwa na watafiti wa mjini Munich. Katika kupima ufanisi, watafiti wa fani hii wamezoea kuhesabu pingili kuwa imetambuliwa ikiwa nukta ya programu iko ndani ya milimita 20 kutoka kwenye kitovu chake halisi, na jina lililotolewa ni la pingili iliyo karibu zaidi na nukta hiyo. Kigezo hicho kina hekima, kwa sababu hukataa kutoa alama kwa mashine iliyoona bila kutaja sawasawa.

Hatari iliyopo ni ya kipekee. Programu ikikosea mahali pa kuanzia kwa pingili moja tu, hesabu yote husogea. Itakuwa imeipata kila pingili mahali pake hasa, na wakati huo huo imekosea jina la kila moja. Mtazamaji anayeangalia picha ataona visanduku vilivyokaa sawa, na ataamini. Kosa lililo wazi hujitangaza. Kosa lililopangika vizuri hujificha nyuma ya unadhifu wake.

Aidha, kuna watu ambao hesabu yao wenyewe haifuati kawaida. Mwaka 1917 Mario Bertolotti wa Italia alieleza hali ambayo pingili ya mwisho ya kiuno huwa imeungana na sakramu, nusu au yote. Wapo pia walio na pingili 6 za kiuno, na wapo walio na 11 au 13 za kifua. Hali hizi si nadra, na wengi walio nazo huishi bila kujua. Walioandaa mkusanyiko wa VerSe walilazimika kuweka lebo za pekee kwa pingili ya 13 ya kifua na ya 6 ya kiuno. Mashine iliyofunzwa kwa hesabu ya kawaida pekee, ikimkuta mtu wa namna hiyo, itamlazimisha aingie katika hesabu isiyo yake.

6.0 Mgonjwa Ambaye Mashine Haijamwona

Programu hujua kile tu ilichooneshwa. Mikusanyiko mikubwa ya picha za mgongo iliyo wazi kwa watafiti imetoka zaidi Amerika, Ulaya na Asia. Mmojawapo wa mwanzo kabisa ni wa picha zipatazo 17,000 za shingo na kiuno zilizopigwa nchini Marekani katika uchunguzi wa afya ya taifa wa miaka ya 1976 hadi 1980. Mikusanyiko hiyo ni hazina, lakini magonjwa yaliyomo ni ya watu waliopigwa picha hizo. Mifano miwili inatosha kuonesha maana ya jambo hili kwa Afrika Mashariki.

Mfano wa kwanza ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho kilielezwa na Percivall Pott wa London mwaka 1779. Ugonjwa huo hupenda sehemu ya chini ya kifua na ya juu ya kiuno. Hula gegedu iliyo kati ya pingili mbili pamoja na pingili zenyewe, mpaka zinaanguka mbele na kushikana, na mgongo hutokeza kibyongo. Mtu aliyezoea kuuona atatambua kwamba pale palikuwa na pingili mbili. Programu ambayo haijapata kuuona inaweza kuhesabu moja, na kuanzia hapo kila jina linalofuata likawa si lake. Yaani mashine inaweza kupotea hasa pale ambapo mgonjwa anaihitaji zaidi.

Mfano wa pili ni selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa ambao umeenea katika nchi za Tanzania, Uganda na Kongo. Ugonjwa huu huweza kuifanya sehemu ya katikati ya uso wa pingili ididimie, juu na chini, ilhali pembe zake zikibaki mahali pake. Pingili hupata umbo linalokaribia herufi H. Programu inayoieleza pingili kwa pembe zake nne tu itapima kimo cha mbele na cha nyuma, itakuta viko sawa, na itatoa jibu kwamba pingili ni nzima. Hapa kosa haliko katika hesabu ya kompyuta. Liko katika maelezo ya pingili ambayo watu walichagua kuifunza kompyuta. Harry Genant na wenzake, katika mbinu yao ya mwaka 1993 ya kupanga viwango vya kupondeka kwa pingili, walizingatia kimo cha mbele, cha katikati na cha nyuma. Nukta mbili zaidi zingetosha kuifanya mashine iuone mdidimio huo.

Funzo la mifano hii ni kwamba picha za wagonjwa wa hapa, zilizotiwa alama na madaktari wa hapa, kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuficha majina yao, ni sharti la kwanza la kuiamini mashine hapa. Hakuna programu inayopaswa kuaminiwa Mwanza au Mombasa kwa sababu tu ilifaulu mtihani Munich.

7.0 Kiswahili cha Taarifa ya Picha

Jambo la mwisho linaihusu lugha moja kwa moja. Taarifa za picha katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, kisha mgonjwa huelezwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa programu za kuandika na kutafsiri taarifa zimekwisha kuwapo, inatazamiwa kwamba maelezo hayo nayo yatazidi kupitia mikononi mwa mashine. Je, Kiswahili kiko tayari?

Tatizo la kwanza ni utata wa istilahi. Katika mazungumzo ya kila siku, uti wa mgongo hutumika kwa safu ya mifupa, hutumika kwa ugwe uliomo ndani yake, na hutumika kwa homa ya uti wa mgongo, ambayo ni ugonjwa wa utando unaofunika ubongo na ugwe. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana ugonjwa wa uti wa mgongo husikia jina la homa inayoua kwa siku chache, hata kama daktari alikusudia mgongo uliopinda. Kamusi za istilahi zimekwisha kufanya kazi kubwa tangu Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilipotoka mwaka 1990. Kilichobaki ni maneno hayo kuingia vinywani mwa watu na katika kumbukumbu za hospitali. Neno selimundu ni ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Limeundwa kwa seli na mundu, linachora umbo la chembe yenyewe, na limekubalika kwa wagonjwa na madaktari.

Tatizo la pili ni la sarufi. Pingili ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, nayo haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Anayebainisha idadi ni upatanisho wa kisarufi peke yake: pingili imepondeka, pingili zimepondeka. Vivyo hivyo, pingili nne za kiuno ni idadi, ilhali pingili ya nne ya kiuno ni nafasi. Lugha ya taarifa za hospitali hupenda mkato. Mwandishi, au mashine, akiandika "pingili nne kiuno kupondeka", ameondoa viunganishi vidogo ambavyo ndivyo vilivyobeba maana yote, na msomaji hana njia ya kujua kama umepondeka mfupa mmoja au mifupa minne. Katika lugha nyingine mkato huo ungesalimika; katika Kiswahili haukubaliki.

Tatizo la tatu ni la maneno ya mahali. Tungo kama "kuna uvimbe juu ya pingili ya tatu" huweza kumaanisha kwamba uvimbe umeikalia pingili hiyo, au uko sehemu ya juu zaidi kuelekea shingoni. Kwa mazungumzo ya kawaida tofauti hiyo si kitu. Kwa mpasuaji ni tofauti ya pingili nzima.

Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanafaa kufikiriwa na vyombo vya lugha pamoja na vyama vya madaktari. Kwanza, katika taarifa za tiba, uti wa mgongo utumike kwa safu yote ya mifupa tu, ugwe mgongo kwa mshipa wa fahamu, pingili kwa mfupa mmoja, na sahani ya gegedu kwa kilichomo kati ya pingili mbili. Pili, jina la pingili litajwe kwa ukamilifu, pamoja na upatanisho wake, likifuatwa na alama yake ya kimataifa: pingili ya nne ya kiuno, L4. Tatu, badala ya juu ya, paandikwe ama katika pingili ama kati ya pingili hii na ile. Nne, kila taarifa, iwe ya mtu au ya mashine, itaje hesabu ilianzia wapi, na kama picha haikuonesha mahali pa kuanzia, iseme hivyo waziwazi. Pendekezo hili la nne ni la lugha na la tiba kwa pamoja, kwa maana linamzuia msemaji kutoa jina asilokuwa na haki ya kulitoa.

8.0 Hitimisho

Imeonekana kwamba ujifunzaji wa kina umeiwezesha kompyuta kuziona pingili katika kivuli cha eksirei kwa wepesi ambao haukutazamiwa miaka 20 iliyopita. Imeonekana pia kwamba kuona huko hakumfaidi mgonjwa mpaka kuambatane na jina sahihi, na kwamba jina hutokana na hesabu, hesabu hutokana na mahali pa kuanzia, na vyote hivyo hutokana na makubaliano ya watu. Mashine haikuyabuni makubaliano hayo. Iliyapokea kutoka kwa walioziwekea picha alama.

Wanazuoni wa Kiswahili wamezoea kuitwa mwishoni, teknolojia ikiwa imekwisha kufika, ili waitafutie majina. Katika jambo hili hawana sababu ya kungoja. Siku ambayo taarifa ya mashine itasomwa kwa Kiswahili katika hospitali ya wilaya, upatanisho mmoja wa kisarufi utaweza kuamua kama mpasuaji atafungua pingili moja au nne, na kama mama atarudi nyumbani na hofu ya homa au na ukweli kuhusu mgongo wa mwanawe. Kazi ya kuliandaa neno la siku hiyo ni sehemu ya tiba yenyewe.